SOMO: KUBADILI KIDHIBITI JOTO CHA MASHINE YA KUKAANGA KAHAWA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Kahawa ya huku kwetu Munanila ni arabika, na mkulima huitolea jasho msimu mzima kabla ya kuifikisha chamani. Ni hasara kubwa iwapo itaungulia mashinani kwa ajili ya kifaa kidogo. Chama kinachokaanga kahawa kwa umeme hakina budi kukifahamu kidhibiti joto.

Kidhibiti ni msimamizi. Hupokea habari kutoka kwa kihisi joto kilichomo ndani ya pipa, kisha huiamuru kontakta iwashe au izime hita. Wafanyakazi basi ni wanne, na mkosaji si lazima awe msimamizi. Katika ukaguzi nimepata kukuta chama kimenunua kidhibiti kipya, kumbe kontakta ndiyo iliyoganda. Taa ya kidhibiti ikizimika huku hita ikiendelea kuwaka, fundi aanze kuipima kontakta.

Ikithibitika kuwa kidhibiti ndicho kibovu, fuateni hatua hizi:

1. Zimeni swichi kuu na kuifunga kwa kufuli. Fundi umeme apime kuhakikisha kuwa hakuna umeme.

2. Nakilini maandishi ya kifaa cha zamani: volti, aina ya kihisi, na namna kinavyoiendesha kontakta. Tieni alama kila waya kabla ya kuufungua.

3. Kidhibiti kipya kipangwe kwa aina ya kihisi kilichopo. Kihisi cha aina ya K kikiungwa kwenye kidhibiti kilichopangwa kwa aina ya J, pipa likiwa na nyuzi 200 za Selsiasi kidhibiti kitaonyesha karibu 150 tu. Hita itaendelea kuwaka, kahawa itaungua, na moto waweza kuzuka.

4. Jaribuni mashine bila kahawa, mkilinganisha namba zake na kipimajoto kingine.

Ndugu Katibu, kazi haijaisha fundi anapoondoka. Andika katika daftari la mashine tarehe, kasoro iliyoonekana na jina la fundi. Hifadhi stakabadhi pamoja na uamuzi wa Bodi. Kifaa kibovu nacho kisitupwe hadi mkaguzi akione, kwani wanachama wana haki ya kujua fedha yao imenunua nini.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Ni nani chamani mwenu ashikaye ufunguo wa swichi kuu?

(b) Kihisi cha mashine yenu ni cha aina gani, na jambo hilo limeandikwa wapi?