Kichaka Kisichojulikana Uani: Kukitambua Kabla ya Kukitumia

Utangulizi

Katika nyua nyingi za Afrika Mashariki huota vichaka ambavyo hakuna mwanakaya aliyevipanda. Mbegu huletwa na ndege, na maji ya mvua au na samadi. Mwenye nyumba hukiacha kichaka kwa sababu kina kivuli au maua ya kupendeza. Baadaye jirani humtajia jina lake, mwingine humwambia kuwa ni dawa ya tumbo, na hatimaye majani yake huingia chunguni. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua mmea wa aina hiyo, sababu za kutotosheka na jina la mtaani, na jambo la kufanya pale mtu anapokuwa amekwisha kuula.

Jina moja, mimea miwili

Jina la mmea hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya, na jina moja huweza kubeba mimea zaidi ya mmoja. Mfano ulio wazi ni neno “mbono”. Mahali pengine neno hilo humaanisha mbarika, ambao pia huitwa mnyonyo, na kitaalamu ni Ricinus communis. Mahali pengine humaanisha mbono kaburi, yaani Jatropha curcas, unaopandwa kuwa wigo wa boma na, kama jina lake linavyoashiria, alama ya kaburi. Mimea yote miwili ni ya familia ya Euphorbiaceae, yote hutoa mbegu zenye mafuta, na mbegu za yote miwili ni sumu. Hata hivyo, sumu zake hazifanani katika mwendo wake mwilini.

Mbegu za mbono kaburi zina ladha inayokaribia ya karanga, na ndiyo maana watoto huzila kwa wingi. Kwa kawaida kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha huanza mapema, mara nyingi ndani ya saa chache, na wagonjwa wengi hupata nafuu wakirudishiwa maji mwilini. Mbegu za mbarika zina risini, sumu inayozuia seli kutengeneza protini. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na hali ya mgonjwa huweza kuzorota katika siku zinazofuata. Mbegu iliyotafunwa ni hatari zaidi kuliko iliyomezwa nzima, kwa kuwa ganda gumu huizuia sumu isitoke.

Basi mtoto anapofikishwa zahanati na mama yake akasema, “Amekula mbono,” mhudumu wa afya bado hajajua amekabiliwa na nini. Akidhani ni mbono kaburi, kumbe ni mbarika, anaweza kumruhusu mtoto arudi nyumbani wakati sumu haijaonyesha makali yake. Tawi moja lililoletwa pamoja na mtoto lingemaliza shaka hiyo.

Alama za kuangalia

Mmea hautambuliwi kwa jani peke yake. Yachunguzwe mambo matano: jani na kingo zake, jinsi majani yalivyopangika kwenye shina, utomvu, ua, na tunda pamoja na mbegu.

Mbarika una jani pana lililogawanyika kama kiganja, kwa kawaida sehemu 5 hadi 11, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Kikonyo chake hushika jani upande wa ndani, si ukingoni. Tunda lina miiba laini na mbegu tatu zenye madoadoa; mbegu hizo hufanana na kupe, na neno Ricinus lenyewe ni la Kilatini lenye maana hiyo.

Mbono kaburi una jani lenye pembe chache zisizo na kina, mara nyingi 3 hadi 5, na kingo zisizo na meno. Tunda lake halina miiba. Hugeuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha hukauka na kuwa jeusi. Mbegu zake ni nyeusi.

Mranaha (Datura stramonium) huota majalalani na pembezoni mwa mashamba. Majani yake yana kingo zenye meno makubwa yasiyolingana na hutoa harufu mbaya yakisuguliwa. Ua lina umbo la tarumbeta, na tunda lenye miiba hupasuka sehemu nne. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, watu waliugua na baadhi wakafariki baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu za jamii ya mmea huu.

Oleanda (Nerium oleander) hupandwa kwa ajili ya maua yake ya waridi au meupe. Majani yake ni membamba, magumu kama ngozi, na mara nyingi hukaa matatu matatu kwenye kifundo kimoja. Sumu yake hushambulia moyo, wala haiondoki kwa kuchemsha au kukausha.

Dhana zisizo salama

Wapo wanaoamini kwamba mmea unaoliwa na mbuzi au ndege hauwezi kumdhuru binadamu. Dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa viumbe hutofautiana katika uwezo wa kuhimili sumu. Wapo pia wanaoamini kwamba sumu ni lazima iwe chungu. Mbegu za mbono kaburi zinakanusha imani hiyo. Picha za simu na programu za kutambua mimea husaidia kuanza uchunguzi, lakini zisiwe hukumu ya mwisho, hasa pale mmea usipokuwa na ua wala tunda.

Kuandaa sampuli

Likatwe tawi la urefu wa sentimita 30 hivi lenye majani, na ikiwezekana maua na matunda. Anayelikata avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi, asiguse macho, na anawe kwa sabuni. Tawi litandazwe kati ya magazeti makavu, ligandamizwe kwa kitu kizito, na magazeti yabadilishwe kila siku. Pembeni yaandikwe tarehe, mahali, kimo cha mmea, rangi ya utomvu na ya ua, na jina la kienyeji pamoja na lugha yake.

Sampuli hiyo ipelekwe kwa afisa kilimo au kwenye hebariamu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Hebariamu ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, sasa ipo Nairobi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania ina Hebariamu ya Taifa jijini Arusha.

Mtu akiwa amekula mmea asioujua

Nyumbani, mabaki yatolewe mdomoni na mdomo usukutuliwe kwa maji. Mgonjwa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta. Apelekwe kituoni mara moja hata kama hana dalili, pamoja na tawi la mmea. Msindikizaji aeleze saa ya kula, kiasi kilicholiwa, na kama mbegu zilitafunwa. Utomvu ukiingia jichoni, kama ule wa mnyaa, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha lichunguzwe na mtaalamu.

Kituoni, mhudumu aanze na njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu, kisha asome dalili. Mboni zilizopanuka, mdomo mkavu, homa na kuweweseka huelekeza kwenye mranaha. Mapigo ya moyo ya polepole au yasiyo na mpangilio huelekeza kwenye oleanda. Hapo kipimo cha umeme wa moyo na cha potasiamu ni vya lazima, na rufaa isicheleweshwe. Kutapika na kuharisha kwingi kunahitaji maji ya mishipa au ya chumvichumvi. Mkaa wa tiba hufaa zaidi ndani ya saa ya kwanza, kwa mgonjwa mwenye fahamu kamili tu. Risini haina dawa mahususi ya kuiondoa. Kwa hiyo aliyetafuna mbegu za mbarika, au mbegu ambazo bado hazijatambuliwa, alazwe na kuangaliwa.

Hitimisho

Kichaka kisichojulikana si lazima king’olewe. Kinaweza kuachwa kikatoa maua na matunda, mradi watoto wazuiwe kukifikia. Lakini kabla hakijatambuliwa kwa alama zake, kisiwe mboga, kisiwe dawa, na kuni zake zisitumiwe kuchomea nyama. Mhudumu wa afya naye, anapotajiwa jina la mmea, aulize daima swali la pili: “Tawi lake liko wapi?”