Kifaa cha Kupunguza Maumivu Mgongoni: Usimwambie Daktari "Sijambo" Wakati Unaumwa

Leo tuzungumzie kifaa ambacho baadhi yenu mmeshaanza kuambiwa habari zake kwenye kliniki za maumivu hapa Toronto. Madaktari hukiita kwa kifupi SCS. Ni kifaa kinachowekwa mwilini kwa upasuaji, kinapeleka umeme mdogo sana kwenye uti wa mgongo ili kupunguza maumivu sugu. Mimi ni muuguzi, nilisomea kazi hii nyumbani Tanzania kisha nikasoma tena hapa Kanada, na maswali mengi nimeulizwa kwenye lifti ya jengo letu kuliko hospitalini!

Kwanza nianze na kisa. Mama mmoja wa Jameson Avenue alikuwa na maumivu ya mguu kwa miaka mingi baada ya operesheni ya mgongo. Mkalimani wake alikuwa mwanawe wa miaka 12. Daktari alisema kifaa kikifanya kazi vizuri maumivu yanaweza kupungua nusu. Mtoto akatafsiri, "Mama, utapona." Kikawekwa cha majaribio. Kila alipoulizwa hali, mama alijibu kama tulivyolelewa: "Sijambo, namshukuru Mungu." Kumbe maumivu hayakupungua sana. Akawekewa cha kudumu, na hadi leo anajuta kwamba hakusema ukweli mapema.

Je, kifaa hiki kinafanyaje kazi?

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kuwa uti wa mgongo una kitu kama lango. Habari za maumivu zinapita hapo kwenda kwenye ubongo, na neva nyingine zikisisimuliwa lango linaweza kufungwa kiasi. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua. Mwaka 1967 Dk. Norman Shealy wa Marekani akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza cha aina hii.

Waya nyembamba zinaingizwa karibu na uti wa mgongo, nje ya utando unaoufunika. Betri inakaa chini ya ngozi, mara nyingi juu ya tako au tumboni. Wewe unabaki na rimoti ya kuongeza, kupunguza au kuzima. Vifaa vingine unavisikia kama mchonyoto mdogo, vingine huvisikii kabisa.

Je, kinaponyesha?

Hapana. Hakitibu chanzo cha maumivu. Hutumika zaidi kwa maumivu ya neva, kwa mfano yale yanayobaki mguuni baada ya operesheni ya mgongo, au ya miguu kwa baadhi ya wenye kisukari. Lazima pia mjue kuwa wataalamu hawakubaliani wote. Mwaka 2023 shirika la Cochrane lilipitia utafiti kuhusu maumivu ya kiuno, likaona faida yake haikuthibitika vizuri na madhara yapo. Kwa hiyo muulize daktari wako: "Kwa maumivu yangu mimi, ushahidi unasemaje?"

Wakati wa majaribio

Kabla ya kifaa cha kudumu, waya huwekwa kwa siku chache, kwa kawaida wiki moja hivi, na betri inabaki nje ya mwili. Kliniki nyingi hutaka maumivu yapungue angalau nusu. Hapa ndipo penye uamuzi wote, kwa hiyo:

1. Kila asubuhi na jioni andika namba ya maumivu, kutoka 0 hadi 10.
2. Andika ulichoweza kufanya: umelala saa ngapi, umepanda ngazi, umefika Queen Street kwa miguu?
3. Omba mkalimani wa hospitali. Usimtumie mtoto wala jirani.
4. Kama hakuna nafuu, sema. Daktari hatakasirika, na si utovu wa adabu. Waya zitatolewa na utakuwa umeepuka upasuaji wa bure.

Baada ya kuwekewa

Wiki 6 hadi 8 za mwanzo usiiname sana, usijipinde, usinyanyue vitu vizito. Hii ina maana usibebe mtoto mgongoni, usinyanyue ndoo, wala gunia la mchele kutoka dukani. Waya zinaweza kuhama na nafuu ikapotea. Kama unasali kwa kurukuu na kusujudu, uliza kuhusu kusali umekaa kwenye kiti kwa muda huo.

Usipigwe chuku wala kukandwa juu ya betri au waya. Ukienda kwa fiziotherapia, waambie mapema una kifaa: matibabu ya joto yanayoitwa daiathemi ni MARUFUKU kabisa kwako. Kabla ya MRI onyesha kadi ya kifaa, kwani si vyote vinaruhusiwa. Usiache dawa zako za maumivu ghafla bila daktari. Na kama kifaa chako kinaleta mchonyoto, kizime unapoendesha gari.

Ukisafiri kwenda nyumbani

Beba kadi ya kifaa na barua ya daktari. Uwanja wa ndege omba ukaguliwe kwa mikono. Umeme wa Kanada ni volti 120, nyumbani ni 230 hadi 240, kwa hiyo soma chaja kama imeandikwa 100–240, na chukua adapta ya plagi. Umeme ukikatika na betri ikaisha, usiogope: kifaa kitazimika tu na maumivu yatarudi mpaka uchaji tena. Kabla ya kuondoka, uliza kampuni iliyotengeneza kifaa kama ina fundi karibu na unakokwenda.

Dalili za hatari

Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoa usaha, au ukipata homa, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Miguu ikilegea ghafla, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, piga 911 mara moja. Kwa ushauri wa kawaida saa yoyote piga 811, na uombe mkalimani.

Makala haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Lakini hata daktari bingwa hawezi kusikia maumivu usiyomwambia. Barabarani tukisalimiana, jibu "sijambo" kama kawaida yetu. Ukiingia kliniki, taja namba.

Nawatakia afya njema.