Kusakinisha Programu ya Picha za Nyota katika Linux: Somo na Istilahi Zake

Makala haya yanakusudia kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili namna ya kusakinisha Siril, programu huria ya kuchakata picha za anga, katika tarakilishi inayotumia Linux. Huenda msomaji akashangaa kulikuta somo la aina hii katika jarida la lugha na fasihi. Hata hivyo, aghalabu hudaiwa katika kumbi zetu za mihadhara kwamba Kiswahili hakimudu maelezo ya kiufundi. Mwandishi anaona kuwa dai hilo hujibiwa vyema zaidi kwa kufundisha jambo lenyewe hadi mwisho.

Tuanze na kitenzi. Sakinisha ni unyambuaji wa sakini, yaani kukaa mahali. Neno hili ni la asili moja na maskani. Kusakinisha programu basi ni kuipa makao: faili zake hutawanywa katika saraka za mfumo, na jina lake huandikwa katika daftari la mfumo huo ili iweze kuhuishwa au kuondolewa baadaye. Wapo wanaopendelea kuweka, lakini hata kitabu huwekwa mezani bila kuwa na makao hapo.

Katika Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, na vilevile katika Ubuntu uliotokana nao, programu huhifadhiwa kwenye ghala la mtandaoni zikiwa vifurushi. Siril haisimami peke yake. Ili isome picha za FITS, muundo uliochapishwa rasmi mwaka 1981 na ambao wanaastronomia wanautumia hadi leo, inahitaji maktaba ya programu iitwayo CFITSIO. Baadhi ya wafasiri huiita maktaba kama hiyo kitegemezi. Hapa mwanafunzi wa sarufi ana haki ya kupinga. Sisi sote tumefundishwa kuwa kishazi tegemezi ndicho kisichojitosheleza. Kinachokibeba ni kishazi huru. Kwa mantiki iyo hiyo, Siril ndiyo tegemezi, nayo CFITSIO ni tegemeo. Istilahi ikigeuzwa, mwanafunzi anayeambiwa kwamba kitegemezi kimekosekana ataitafuta hitilafu upande usio wake.

Sasa tuingie kazini. Fungua dirisha la amri, uandike:

sudo apt update

Neno la kwanza huomba idhini ya msimamizi, nawe utatakiwa kutoa nywila. Katika kompyuta nyingi nywila haionekani inapoandikwa, wala kialama chochote hakitokei. Endelea tu kuandika, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Amri hii haibadilishi programu hata moja. Inachofanya ni kuhuisha orodha ya vifurushi vilivyomo ghalani. Wengi huichanganya na apt upgrade, ambayo ndiyo huboresha programu zenyewe, kwa kuwa maneno hayo mawili ya Kiingereza yanakaribiana mno. Kuhuisha orodha na kuboresha programu hayakaribiani hata kidogo. Kisha:

sudo apt install siril

Mfumo utataja mategemeo yote yanayohitajika na kuuliza kama uendelee. Ukikubali, yataletwa pamoja na Siril.

Kasoro ya njia hii ni kwamba ghala la toleo fulani la mfumo halipokei kila toleo jipya la programu, hivyo Siril utakayoipata huenda ikawa imepitwa. Anayetaka toleo jipya anaweza kupakua faili moja ya aina ya AppImage kutoka kwa waundaji wa Siril. Faili hiyo huja na sehemu kubwa ya mategemeo yake ndani. Huipa ruhusa ya kutekelezwa kwa amri ya chmod +x ikifuatwa na jina la faili, kisha ukaifungua. Je, hapo tumesakinisha? La. Programu hii ni mgeni aliyekuja na mkoba wake. Ukiifuta faili, ameondoka.

Jaribio zuri ni Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake linahusishwa na kulima. Piga picha nyingi za muda mfupi, kwani picha 100 zikiunganishwa kwa wastani, chembechembe za bahati nasibu hupungua hadi takriban sehemu moja ya kumi. Ukitaka kutumia hati ya amri iliyo tayari, makabrasha sharti yaitwe lights, darks, flats na biases. Majina haya hayatafsiriwi, kwa sababu hati huyatafuta herufi kwa herufi. La kwanza ni la picha za nyota. La pili, picha zilizopigwa lenzi ikiwa imefunikwa. La tatu, za uso wenye mwanga sawia. La nne, za giza na za muda mfupi kabisa.

Matokeo yakifunguliwa, kioo huwa karibu cheusi, na hapa wengi hudhani kazi imeharibika. Chagua namna ya uonyeshaji iitwayo AutoStretch. Kilimia kitajitokeza, ilhali data iliyo ndani ya faili haijaguswa. Kinachobadilika ni namna inavyoonyeshwa tu.