Somo: Maji ya vita na maji ya maombi

Kusoma: Ezekieli 13:17-23, Matayo 26:47-56



Somo hili linatoka kwa akina mama wanaotufikia sisi mashemasi. Kijana anataka kujiunga na wapiganaji, na mama yake anaomba maji ya maombi ili risasi isimpate. Kabla ya kumjibu, tupime dawa ya vita na bunduki: kila moja inafanya nini?

1. Ahadi ya zamani

Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika iliyotawaliwa na Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akisema risasi zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga mwezi wa 8. Mwishoni mwa mwezi huo huo wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Vita vilipokwisha mwaka 1907, waliokufa, kwa hesabu ya chini, walikuwa 75,000. Wengi waliuawa na njaa, maana mashamba na vyakula vilichomwa.

Kwetu Uvira na bonde la Ruzizi, wazee wanakumbuka Simba wa mwaka 1964 na kilio cha "Mai Mulele!" Mwanzoni dawa ilionekana ina nguvu. Askari wengi wa serikali waliiogopa, wakatupa bunduki na kukimbia, na mtu anayekimbia halengi. Halafu wakaja mamluki na ndege, watu wasioiogopa, na Simba wakaanguka kwa wingi. Kilichobadilika si maji, ni moyo wa yule aliyeshika bunduki. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 neno lile limerudi katika jina la Mai-Mai.

2. Dawa ina masharti, risasi haina

Usiguse mwanamke. Usiibe. Usiogope. Che Guevara alifika Kibamba, upande wa Fizi, mwezi wa 4 mwaka 1965. Aliandika kwamba kila aliyeanguka alihesabiwa kuwa amevunja sharti: aliiba, au aligusa mwanamke, au aliogopa. Na katika vita ni nani asiyeogopa? Kwa hiyo mganga hashindwi kamwe, kwani maiti haiwezi kujitetea. Mama anamlilia mtoto, na juu ya kilio anabebeshwa aibu.

Risasi ya Kalashnikov inatoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kila sekunde. Haiulizi mtu alilala wapi wala alikula nini. Msafi na mchafu inawapiga sawasawa.

3. Basi ni nani anayeua?

Wengine watasema: ikiwa dawa haina nguvu, haina hatari. Sivyo. Dawa haikurudisha risasi hata moja, lakini imeua watu. Ilimtoa kijana mafichoni, ikamsimamisha wazi mbele ya rashasha. Vivyo hivyo mzee anaposingiziwa kwamba ametuma radi, anayemuua ni jirani mwenye jiwe, panga au moto. Hofu ya uchawi inatoa ruhusa, silaha inamaliza kazi.

Katika Ezekieli, Mungu anawakasirikia wale wanaoshona hirizi za mikononi ili kuwinda roho za watu. Anasema atazipasua na kuwaachilia waliowindwa kama ndege. Tuone vizuri: kwa macho ya Mungu, aliyevaa hirizi ndiye aliyenaswa.

4. Tumjibu nini mama huyu?

Maji ya maombi ni kwa mgonjwa na kwa mwenye taabu, pamoja na imani na toba. Tukimpa anayekwenda kuua, tumekuwa waganga wa vita wenye kanzu. Mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu aliwaambia watu watupe hirizi zao. Mwezi wa 9 alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakubwa, bila dawa na bila mkuki. Alihukumiwa kufa, kisha kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipolala tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Wenye bunduki hawakuizima kazi yake. Naye Bwana wetu, usiku wa kukamatwa, alimwamuru mwanafunzi wake arudishe upanga mahali pake.

Basi maji ya kwenda vitani tunakataa. Lakini tusimfukuze mama mikono mitupu. Twende nyumbani kwake, tukae na kijana, tumsikilize. Anayevua ndagala amchukue mtumbwini, mwenye shamba la mpunga ampe sehemu ya kulima, fundi amfundishe. Akienda hata hivyo, tumwombee kila siku arudi. Na akiletwa amekufa, tumzike kwa heshima, wala mtu asiulize alivunja sharti gani.

Maswali ya kujiuliza

1. Je, katika nyumba yetu kuna hirizi iliyofichwa pamoja na Biblia?
2. Ni kijana gani wa jirani asiye na kazi, nasi tumefanya nini?
3. Tumewahi kumlaumu marehemu kwa kifo chake?

Mapendo, Amri, Kazi. Amina.