Kabla ya Kuita Msumeno: Mafunzo Niliyopata Katika Ukaguzi wa Miti

Kwa miaka mingi nimekagua miti ya shule, hospitali, barabara na viwanja vya watu, Morogoro na Dar es Salaam. Anayeniita huwa ameshaamua: ama mti ukatwe leo, ama usiguswe kabisa. Haya nawaandikia maafisa misitu vijana, wahandisi na wenye ardhi mnaotaka kujenga na bado mbaki na kivuli, bila mtu kuumia.

1. Tazama watu kwanza, mti baadaye

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi alinipeleka moja kwa moja kwenye mkaratusi ulioinama pembezoni mwa uwanja. Ulimnyima usingizi. Nikamwomba tusubiri kengele ya mapumziko. Ilipolia, hakuna mtoto aliyekwenda upande ule. Wote walikimbilia chini ya mwembe mkubwa karibu na jiko, na juu yao lilining'inia tawi kavu nene kama paja la mtu mzima. Msimu wa maembe ulikuwa umeanza, na wavulana walikuwa wakilirushia mawe.

Mkaratusi ule ulikuwa umeinama tangu ukiwa mchanga: kilele chake kilishajipinda kurudi kuelekea juu, na udongo kuzunguka shina ulikuwa umetulia. Mti wa kuogopa ni ule ulioanza kuinama juzi, wenye nyufa ardhini au udongo ulioinuka upande wa pili wa mwinamo. Huo usiusubirishe hata siku moja, ondoa watu kwanza.

Hatari ya mti hupimwa kwa mambo matatu yakiwa pamoja: uwezekano wa kuanguka, ukubwa wa kitakachoanguka, na nani au nini kiko chini yake. Mti mbovu katikati ya pori unaweza kuachiwa bundi na nyuki. Mti huohuo juu ya kijiwe cha bodaboda ni dharura. Pale shuleni tuliondoa tawi moja tu, na miti yote miwili ikabaki.

2. Piga magoti

Kilichonishangaza kuliko chochote katika kazi hii ni kwamba mti unaweza kuwa na majani mabichi yanayong'aa huku shina lake limeoza ndani. Maji hupanda kupitia mbao changa za nje, karibu na gome. Moyo wa mti haupandishi maji. Kazi yake ni kuushikilia mti usimame. Kwa hiyo ukitazama majani peke yake, hutapata habari ya moyo.

Katika hospitali moja palikuwa na mjohoro uliopendwa na ndugu wa wagonjwa. Wauguzi walipanga benchi chini yake, na mtu alikuwa amejenga duara la matofali kuzunguka shina na kulijaza udongo, palipendeza. Tulipouondoa ule udongo tulikuta uyoga mgumu kama ubao umeota kwenye maungio ya shina na mizizi. Nikagonga kwa nyundo ya mpira kuzunguka shina lote. Upande wa benchi ulijibu kama pipa tupu. Fimbo nyembamba ya chuma iliingia bila kusukumwa kwa nguvu. Benchi zilihamishwa mchana uleule, na mti ukakatwa wiki hiyo.

Lakini msisikie neno pango mkakimbilia shoka. Mibuyu mingapi ina mapango na imesimama karne nyingi? Kinachoulizwa ni ukuta wa mbao nzima uliobaki: una unene gani, na umezunguka shina lote au umepasuka upande mmoja? Palipo na vyombo vya kupima kwa mawimbi ya sauti, vitumike. Pasipo navyo, nyundo, fimbo na magoti hufika mbali.

3. Mtaro hukata mti kimyakimya

Mvule mmoja mrefu ulianguka wakati wa masika, usiku, na kila mtu akaulaumu upepo. Nilipofika asubuhi niliitazama sahani ya mizizi iliyonyanyuka. Upande mmoja mizizi ilikuwa imekatwa kwa mstari mnyoofu, na ncha zake zilikuwa nyeusi kwa uozo wa zamani. Mtaro wa bomba ulikuwa umepita hapo, hatua chache kutoka kwenye shina, miaka kadhaa nyuma. Waliochimba walishasahau.

Sehemu kubwa ya mizizi haizami sana. Hutanda karibu na uso wa ardhi na mara nyingi hupita mbali nje ya kivuli cha matawi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 kuhusu miti kwenye maeneo ya ujenzi unatoa hesabu ambayo mwashi yeyote anaimudu: pima kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita 1.5 kutoka ardhini, zidisha kwa 12, hayo ndiyo masafa ya kulinda kuzunguka mti. Ukizungusha tepu ukapata mzingo wa sentimita 188, gawa kwa 3.14, kipenyo ni kama sentimita 60. Mara 12 ni mita 7.2. Ndani ya duara hilo usichimbe, usimwage zege, usirundike kokoto, usiegeshe lori. Uzio uwekwe kabla tingatinga halijaingia.

Mti ukijulikana mapema, ramani inaweza kuukwepa. Nairobi, mwaka 2020, mkuyu mkongwe wa Waiyaki Way ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu. Wananchi walipaza sauti, Rais akatoa amri uhifadhiwe, na barabara ikaupisha. Nafurahi kwamba ulinusurika. Ila isiwe lazima kufika kwa Rais kwa jambo ambalo mpimaji angeliweka kwenye mchoro wa kwanza.

4. Msikate vichwa

Kila mwaka naona miti ya barabarani imekatwa vilele ikabakizwa magogo. Machipukizi yanayofuata hushikwa na mbao za juu tu, kandokando ya kidonda kinachooza, na yakishakuwa mazito ndiyo huporomoka. Punguza tawi hadi kwenye panda lenye afya. Na kabla ya kugusa mvule, mninga au mpingo, hata ukiwa shambani kwako, mwone afisa misitu wa wilaya kuhusu kibali.

5. Usichoandika hukukikagua

Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, simu zilikuwa nyingi. Wenye orodha ya miti yao walijua waanze na mti upi. Wengine walinyoosha kidole kwenye mti wowote mrefu.

Orodha si kitu kikubwa: namba kwenye kibati, aina ya mti, kipenyo, urefu, kasoro ulizoziona, kilicho chini yake, kazi inayotakiwa, nani aifanye na lini. Halafu tarehe, na tarehe ya kurudi. Rudia baada ya dhoruba, na kila mtu anapochimba jirani.

Masika yajayo hayako mbali. Nenda kwenye shule ya mwanao uombe orodha ya miti yao. Kama haipo, kaeni na kamati ya shule na mwalimu mkuu, mwiteni afisa misitu, na anzeni na mti ambao watoto hukaa chini yake.