Mtoto wa mbwa anayeharisha: soma hapa kabla hujampa nyama mbichi

Somo la leo linamhusu mlinzi wa mradi wako. Huku kwetu Mtunda, na Kibiti kwa ujumla, ukilima mihogo au mahindi bila mbwa, nguruwe pori na ngedere watavuna kabla yako. Ukifuga kuku, kicheche na vibaka wanasubiri usinzie tu. Wengi wetu huku ni Waislamu, na mbwa wa kulinda shamba na mifugo anaruhusiwa. Mtengee banda nje na vyombo vyake mwenyewe, kazi iendelee.

Shida inakuja kwenye chakula. Swali linalojirudia ni hili: "Afisa, mbwa wangu mdogo anaharisha kila nikimpa nyama mbichi. Nifanyeje azoee?" Jibu ni fupi: tibu tumbo kwanza, nyama baadaye. Ukigeuza huo mpangilio, unaweza kumpoteza mbwa ndani ya siku mbili, au ukawaletea watoto wako ugonjwa nyumbani.

Nyama mbichi haileti ukali

Kuna imani mtaani kwamba mbwa asipokula nyama mbichi hawi mkali. Siyo kweli. Ukali na umakini vinatokana na asili ya mbwa na jinsi ulivyomlea. Mbwa aliyeshiba wali na dagaa waliochemshwa analinda vizuri tu. Kwa hiyo nyama mbichi siyo lazima. Ila kama unapata mabaki ya bucha kwa bei nafuu na umeamua kumpa, basi fanya kwa utaratibu.

Kwa nini tumbo linasumbua?

1. Minyoo. Hii ndo sababu ya kwanza kuifikiria. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa na minyoo tayari, maana inapita toka kwa mama akiwa tumboni, na mingine kwenye maziwa. Dalili: tumbo limejaa kama ngoma lakini mbavu zinaonekana, manyoya hayang'ai, anaharisha mara kwa mara.

2. Kubadilishiwa chakula ghafla. Jana alikuwa ananyonya, leo umempa utumbo wa kuku. Tumbo lake halijajiandaa.

3. Maziwa ya ng'ombe. Watoto wengi wa mbwa hawawezi kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa hayo, wanaharisha. Maji safi yanatosha.

4. Unga wenye ukungu. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, ambayo inaharibu ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa inamuua pia. Usiseme "hii ni ya mbwa bwana".

5. Virusi vya pavo. Anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali, amelala tu, hataki kula. Hapo usijaribu chakula chochote kipya. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana mbwa mdogo anakufa kwa kuishiwa maji mwilini.

Hatua ya kwanza: tuliza tumbo

Mpe dawa ya minyoo. Kawaida tunaanza akiwa na wiki 2, tunarudia kila wiki 2 hadi afike wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6, baada ya hapo kila miezi 3. Dozi inategemea uzito, kwa hiyo mpime kwanza. Usikisie dozi ya sindano ya aivamektini ya mbuzi, unaweza kumuua. Vidonge vya binadamu vya maumivu navyo usimpe.

Chakula cha kutuliza kipo hapahapa: chenga za mchele kutoka mashineni, zipikwe ziwe laini, changanya na kuku wa kuchemsha asiye na mfupa. Usiweke chumvi, pilipili wala mafuta. Kitunguu na kitunguu saumu usiweke kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Mpe kidogokidogo mara 4 kwa siku. Choo kikiwa kigumu kwa siku 5 mfululizo, sasa unaweza kuanza nyama.

Hatua ya pili: anza na kijiko cha chai

Nunua steki ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, kutoka bucha ambayo nyama yake imepimwa na kugongwa muhuri. Ikatekate vipande vidogo sana.

- Siku ya 1 hadi 3: kijiko kimoja cha chai, kwenye mlo mmoja tu wa siku. Milo mingine ni wali na kuku kama kawaida.
- Siku ya 4 hadi 6: robo ya mlo huo mmoja iwe nyama mbichi.
- Siku ya 7 hadi 9: nusu ya mlo huo.
- Siku ya 10 na kuendelea: robo tatu. Milo mingine ibaki ya kupikwa.

Kagua choo kila asubuhi. Kikilegea, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku 2 au 3. Ukiona damu au akitapika, acha nyama na umwone mtaalamu. Usiongeze aina nyingine ya nyama kabla ya wiki 2. Ukichanganya aina tatu kwa mara moja, hutajua ipi imemsumbua.

Kingine: nyama tupu haijengi mifupa. Ina madini ya chokaa kidogo mno, na mbwa anayekua kwa nyama tupu anapinda miguu. Mpe dagaa wazima waliochemshwa. Dagaa wa baharini wengi wana chumvi, kwa hiyo waloweke kwanza na umwage maji. Ganda la yai lililochemshwa, kukaushwa na kusagwa unga linafaa pia, kiasi muulize afisa mifugo wa kata.

Hivi usimpe vikiwa vibichi

- Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe. Yanaweza kuwa na vifuko vya maji, na ndani yake mna vichanga vya minyoo tegu. Mbwa akila, tegu wanakomaa tumboni mwake. Mayai yanatoka na kinyesi, mtoto wako anashika mbwa au udongo kisha anakula bila kunawa. Vifuko vilevile vinaota kwenye ini au mapafu ya mtoto, taratibu, miaka mingi, na mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Chemsha nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Vyenye vifuko, choma au fukia kwa kina.
- Kuku aliyekufa bandani. Hujui kafa na nini, na pengine alikuwa kwenye dawa. Isitoshe, unamfundisha mlinzi wako kuwa kuku ni chakula.
- Nyama ya porini isiyopimwa, hasa nguruwe pori. Inaweza kuwa na minyoo ndani ya nyama yenyewe.
- Samaki. Baadhi wakiwa wabichi wanaharibu vitamini B1 mwilini mwa mbwa. Kuchemsha kunamaliza shida hiyo.

Mifupa ni kinyume chake: uliopikwa ndo hatari zaidi, unapasuka vipande vikali na kutoboa utumbo.

Linda biashara na familia

Nyama mbichi inaweza kuwa na salmonela, na friji haiwaui vijidudu hao. Kwa hiyo kisu na ubao wa nyama ya mbwa visiguse kuku unaowachinja kwa ajili ya wateja. Chakula kilichobaki kitoe baada ya nusu saa, joto la huku unalijua. Zoa kinyesi kila siku ukifukie, usikitupe kwenye bustani ya mchicha. Mbwa asiingie ndani ya banda la kuku. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa, ushauri wangu ni mmoja: pika kila kitu.

Mwisho, chanjo. Ya pavo inaanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa anapata akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ya leo: kabla hujaenda bucha, mpime mbwa wako uzito na uandike tarehe ya mwisho aliyopata dawa ya minyoo. Kama huikumbuki, anzia hapo. Mshirikishe na mwenzako mwenye mbwa. Tukutane somo lijalo.