Taswira ya Mwanamke Katika Majalada ya Majarida ya Muziki

SWALI
Mwanamke kuonekana kwenye jalada si sawa na kuheshimiwa kama msanii. Jadili kauli hii kwa kutumia hoja tatu kutoka jarida la Rolling Stone la Marekani. (Alama 15)

JIBU

Utangulizi
Taswira ya mwanamke ni namna anavyooneshwa katika kazi ya sanaa. Kwenye jalada, taswira hujengwa kwa mavazi, mkao, mtazamo wa macho, sehemu ya mwili inayooneshwa na maandishi yanayoizunguka picha.

Kiini

(i) Mwanamke kama msanii. Toleo la pili, la Novemba 1967, lilimweka Tina Turner jaladani akitumbuiza. Picha inaonesha kazi yake, hivyo msomaji anamtambua kwa kipaji chake.

(ii) Mwanamke kama chombo cha kutazamwa. Jalada la Septemba 1993 linamwonesha Janet Jackson akiwa kifua wazi, huku mikono ya mwanamume aliye nyuma yake ikimsitiri. Picha hiyohiyo ilitumika kwenye jalada la albamu yake ya mwaka huo, lakini huko ilikatwa, ukabaki zaidi uso. Picha moja ikatoa jumbe mbili.

(iii) Mwanamke hatendewi sawa na mwanamume. Watafiti Hatton na Trautner walichunguza majalada zaidi ya 1,000 ya mwaka 1967 hadi 2009. Katika miaka ya 1960, asilimia 44 ya wanawake na 11 ya wanaume walioneshwa kwa namna ya kuamsha ashiki. Katika miaka ya 2000, wanawake walifikia asilimia 83, wanaume 17 tu.

Hitimisho
Kauli hii ina ukweli. Hata hivyo, msanii ana haki ya kuamua jinsi ya kuuonesha mwili wake. Uhakiki uwaguse pia mpiga picha na mhariri, kwani ndio wanaochagua picha ya kuuzia jarida.

ZINGATIA
Usihukumu maadili ya msanii. Hilo halijibu swali. Taja kwanza unachokiona, kisha eleza maana yake.

ZOEZI
Tafuta majalada mawili, moja la msanii wa kike na jingine la msanii wa kiume. Linganisha mavazi, mkao na vifaa vya muziki vinavyoonekana. Je, nani anaoneshwa akiwa kazini?